Nyota, Reli na Kalamu Nyekundu

Tulipoanza kutafsiri mwongozo wa ile programu huria ya ofisi, kwenda Sengerema bado ilikuwa kusubiri kivuko pale Kigongo. Daraja likajengwa, likaisha, magari yakaanza kupita juu yake, na sisi bado tunabishana mwongozo uwe katika muundo gani. Nilichoka. Ilifika mahali nikisikia mlio wa kundi letu la WhatsApp, naigeuza simu kifudifudi.

Tulikuwa watatu, wote wa kujitolea. Mmoja ni fundi kompyuta wa Igoma, na kwake kila muundo mpya ni uchumba mpya. Tulianza na faili za kawaida, akasema hazifai, twende kurasa za tovuti. Tukahama, picha zikabaki njiani. Kisha akataka maandishi matupu yenye nyota na reli za kuonyesha vichwa vya habari, utadhani tunaangalia salio, kwa sababu maandishi ya Kiingereza yakibadilika ni rahisi kuona palipobadilika. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kila tulipohama, mwenzetu wa tatu alihakiki upya. Ni mwalimu mstaafu wa Igogo, aliyenifundisha Kiswahili sekondari. Presha ya macho ilikuwa inamnyang'anya uwezo wa kuona kidogo kidogo, na daktari hakumficha. Alitaka kitu kimoja tu, kuusoma mwongozo mzima kabla macho hayajamwacha.

Zile nyota na reli alidhani ni vidole vyangu vimeteleza. Akazifuta sura nzima, kwa bidii ileile aliyokuwa akisafishia insha zetu, na vichwa vyote vya habari vikapotea. Fundi akaandika kwenye kundi kwamba labda mwalimu apumzike. Nilishuka Igogo.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama tumemaliza. Nikasema bado tunachagua muundo.

"Mwanangu, hiyo miundo chagueni nyinyi," alisema. "Mimi nipe nisome."

Kesho yake nilipeleka kila kitu steshenari, kikachapwa kwa herufi kubwa. Fundi nikamwambia abaki na nyota na reli zake, mwalimu atasoma karatasi na masahihisho nitayaingiza mimi. Nilitegemea ubishi. Aliuliza tu herufi ni kubwa kiasi gani.

Mwalimu akawa anasomea dirishani, sura moja moja, na kila nilipopita nilikuta karatasi zimejaa wino mwekundu. Alinikosoa vikali. Sijawahi kufurahia kukosolewa kiasi kile.

Sura ya mwisho alinikabidhi akiwa amechangamka, akasema safari hii nimejitahidi sana. Nikashukuru, nikaondoka nayo. Nyumbani nikaifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na alama nyekundu chache, zimepanda juu ya mistari. Kurasa zilizofuata zilikuwa safi kabisa, na makosa yangu yalikuwa yamejaa humo. Nikatafuta kalamu nyekundu, nikaanza kuyasahihisha mwenyewe.