Soketi ya Mlangoni na Ng'ombe wa Mama

Ile kombi ya kulala ililetwa kwetu ikivutwa na trekta, na kama ningekuwa na akili ningelala barabarani isipite. Lakini nilikuwa kidato cha pili, akili iko likizo, kwa hivyo niliikimbilia nikipiga mbinja na kuonyesha dereva njia ambayo tayari aliijua.

Ilikuwa ya mzungu mmoja, injinia kwenye mashamba makubwa ya chai. Alipostaafu akarudi kwao, vitu vyake vikauzwa. Watu wa kijiji chetu cha Sosiot wenye busara walinunua viti na mablanketi. Baba alinunua gari lisilo na injini. Ndani kulikuwa na kitanda, meza ya kukunja, sinki ndogo ambayo hata mguu wangu haukuingia (nilijaribu), na soketi tatu za stima. Soketi ndizo zilimmaliza Baba.

"Nyumba yangu iko na soketi mbili," alimwambia Mama. "Gari iko na tatu. Sasa mjinga ni nani?"

Mama alimwangalia tu, akaenda kukamua.

Kombi ikawekwa katikati ya boma, kati ya jikoni na shamba letu la chai, imekaa kwa tairi zake nne kuukuu. Baba alisema itakuwa sebule ya wageni. Fundi akavuta waya kutoka dirisha la jikoni, juu ya kamba ya nguo, mpaka kwenye kombi. Waya huo ulikuwa na nyuzi mbili peke yake. Ule uzi wa tatu, wa kijani na manjano, ambao gari lilikuwa linauhitaji, fundi alisema ni wa urembo.

Huyu fundi alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, amezeekea kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai. Akitoka shifti alikuwa anazunguka vijijini akitengeneza stima za watu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bisibisi moja yenye taa ndogo ndani ya mpini, testa, na alikuwa anaiamini kuliko vile sisi tunaamini katekisimu.

Shida ya kwanza ilikuwa kisanduku fulani ndani ya kabati. Kwetu mvua ya mchana inashika saa kuliko walimu. Ikifika saa nane, inanyesha, na ikinyesha, kile kisanduku kinasema tak! na stima inapotea kombi nzima. Unakiinua, kinaanguka tena. Fundi akaja, akakifungua, akakichungulia muda mrefu.

"Mzee, hii ndiyo inakunyima stima. Inaogopa maji kama paka."

Akakiruka. Yaani alishika nyaya mbili zinazoingia, akaziunganisha moja kwa moja na zinazotoka, kisanduku kikabaki pale kama picha ya ukutani. Stima haikupotea tena. Baba alifurahi akaitisha chai, na fundi akanywa vikombe vitatu.

Zikabaki soketi zenyewe. Ya chini ya meza ilifanya kazi vizuri. Ya kitandani ilikuwa maiti tangu siku ya kwanza. Ya mlangoni ilikuwa yangu. Nilikuwa na redio ya kaseti niliyorithi kwa binamu, plagi yake ya miguu miwili, na kila mtoto anajua soketi zetu haziikubali plagi hiyo mpaka usukume kitu kwenye tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke. Wengine wanatumia kalamu. Mimi kalamu nilikuwa natumia kurudisha kaseti nyuma, kwa hivyo nilichukua kijiti cha chai. Ulikuwa msimu wa kukata michai, vijiti vimejaa kila mahali, vibichi.

Siku moja kijiti kikavunjikia ndani. Nikakisukuma zaidi kisionekane. Tangu hapo soketi ikabaki wazi yenyewe, sihitaji kijiti tena. Nilidhani nimevumbua kitu. Nilifikiria hata kumwandikia mwalimu wa fizikia barua.

Baada ya siku chache, nikiwa miguu mitupu kwenye matope, nikashika mlango wa kombi, na mlango ukanishika. Haikuwa nguvu sana. Ni kama siafu mia moja wamekubaliana kukuuma wote kwa pamoja halafu wakaacha. Mtu mwenye adabu angemwambia baba yake. Mimi nilimwita kijana wa jirani, tuko darasa moja.

"Kuja umsalimie mzungu."

"Mzungu gani? Si alienda?"

"Roho yake ilikataa kupanda ndege. Iko hapa ndani. Vua viatu bwana, hii ni nyumba ya watu. Shika mlango, msalimie, sema chamgei."

"Cham—" alisema, akaruka. Aliruka kwa namna ambayo sikuwa nimeona: miguu yote pamoja, kichwa nyuma, macho kama ya samaki. Halafu akaniambia, "Nyamaza kabisa. Kesho tumlete ndugu yangu."

Tukamleta ndugu yake. Tukaleta nusu ya darasa. Sharti zilikuwa mbili: iwe imenyesha, na uwe bila viatu. Wazazi hawakujua kitu kwa sababu wazazi wa nchi ya chai wanaishi ndani ya gambuti, zile buti ndefu za mpira. Mama alikuwa anazivaa alfajiri kwenda kuchuma na kuzivua akienda kulala. Baba vilevile. Fundi vilevile, zake ni za kiwandani, nyeupe. Mtu wa gambuti angeweza kukumbatia ile kombi akaomba nayo na isimfanye kitu.

Sasa ng'ombe. Alikuwa wa Mama, na simaanishi Mama ndiye alikuwa anamkamua, namaanisha alikuwa wake. Mama yake ng'ombe alikufa akimzaa, na Mama akamlea na chupa ya soda, akilala naye jikoni wiki mbili. Kwetu shamba ni la Baba, michai ni ya Baba, hata kuku wakiulizwa ni wa Baba. Ng'ombe huyu peke yake ndiye Baba alikuwa akimtaja anasema "ile ya mama yenu."

Kombi ilipokuja, Mama naye alipata faida yake. Ubavuni ilikuwa na turubai la kukunjua. Baba alilisimamisha na fito za mti wa bulugamu, na Mama akahamishia kukamua pale chini, asinyeshewe. Karai ya chakula cha ng'ombe aliifunga kwa waya kwenye mshikio wa mlango. Ng'ombe anakula, Mama anakamua, mvua inapiga turubai. Nakumbuka alisema hicho ndicho kitu cha kwanza cha maana ambacho Baba amewahi kununua.

Halafu ng'ombe akaanza kukataa. Kwanza alikuwa anarukaruka. Baadaye akapiga ndoo teke. Baadaye akaacha kuteremsha maziwa kabisa jioni, na asubuhi anatoa kikombe, basi. Chuchu zimejaa, unaona, lakini hazitoi.

"Amenifungia," Mama alisema. "Nimemkosea nini?"

Jirani mmoja akasema ni jicho la mtu. Mwingine akasema majani yetu ya nepia ni machungu. Daktari wa mifugo akaja na gambuti zake, akapima, akasema ng'ombe ni mzima. Baba akasema amezeeka.

"Amezaa mara mbili tu," Mama akamwambia. "Mwenye amezeeka ni wewe."

Nilicheka sana hiyo siku. Baba hakucheka. Alisema mchinjaji wa Kapsoit atakuja Jumamosi, na kama mpaka Jumamosi maziwa hayajarudi, ng'ombe aende. Mama hakubishana. Aliingia jikoni, tukasikia sufuria zikiwekwa moja moja, polepole, na hiyo ni mbaya kuliko zikirushwa.

Siku ya Alhamisi niliambiwa nimshike ng'ombe kichwa. Mvua ilikuwa imetoka kuacha. Akanyoosha ulimi kwenye karai, na nikamwona akiruka: miguu yote pamoja, kichwa nyuma, macho kama ya samaki. Ulikuwa ni ule mruko wa kijana wa jirani, kitu kimoja. Na kitu cha kwanza nilifanya, naandika kwa sababu ni kweli, nilicheka. Nilicheka mpaka nikainama. Kisha kicheko kikasimama katikati ya koo kama kipande cha ugali, na sikujua kama nikimeze au nikiteme.

Sikusema kitu. Nikisema, wataniuliza nimejuaje. Usiku wote nilikuwa nahesabu waliosalimia mzungu.

Ijumaa Baba akamwita fundi, si kwa ajili ya ng'ombe, bali kwa ajili ya ile soketi maiti ya kitandani. Fundi akaingia na testa yake. Akagusa soketi ya meza, taa ikawaka. Ya kitandani, giza. Akagusa ya mlangoni, ikawaka. Halafu testa ikagusa kwa bahati ukingo wa mlango wenyewe, bati tupu, nayo ikawaka, hafifu.

"Unaona, mzee?" fundi akasema kwa furaha. "Stima iko nyingi. Imejaa mpaka kwa bodi. Shida si stima, shida ni hiyo soketi moja."

"Fundi," nikamwambia, "vua gambuti halafu ushike mlango."

"Omera," akaniita kindugu kwa lugha ya kwao, "unataka gambuti zangu? Nenda kiwandani uandikwe."

"Vua kidogo tu."

"Usimjibu huyu," Baba akasema. "Huyu hata matangani anacheka."

Mama alikuwa amesimama chini ya turubai na ndoo. Aliniangalia usoni, akaona kitu ambacho hakuwa amezoea kuona hapo. Akaweka ndoo chini. Akavua gambuti ya kulia, kisha ya kushoto. Miguu yake ilikuwa myeupe na yenye mikunjo, kama kitu ambacho hakijaonyeshwa mtu. Akakanyaga matope, akaweka kiganja kwenye mlango.

Hakuruka. Mkono ulitetemeka mpaka kwenye bega, naye akauacha pale, muda mrefu kuliko mtu yeyote wa darasa letu. Alipoutoa akaugusisha tena, kwenye karai sasa.

"Tangu lini?" aliniuliza, bila kunigeukia.

"Tangu tufunge shule."

"Na ulijua?"

"Nilijua inatuuma sisi. Sikujua inamuuma yeye."

Fundi alizima stima jikoni, akarudi akiwa mtu mwingine. Akafungua soketi ya mlangoni. Ndani kulikuwa na kijiti changu, kimelowa, kimekuwa cheusi upande mmoja, kimelala kutoka waya wa moto mpaka kwenye ule wa urembo wa gari lenyewe, uliofungwa kwenye bati. Akatueleza taratibu, akimwambia Mama zaidi kuliko Baba: stima ilikuwa inapita kwenye kijiti kidogokidogo, kikilowa inapita zaidi, ikiingia kwenye bati lote la gari. Ule uzi wa kijani ungeipeleka ardhini, na kile kisanduku kingeikata. Uzi yeye ndiye aliuacha, na kisanduku yeye ndiye alikiruka.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mimi nilikuwa naona inawaka tu."

Akafanya kazi mpaka jioni. Alileta waya wa nyuzi tatu, akapigilia chuma ardhini nyuma ya jikoni, akarudisha kisanduku, akabadilisha soketi. Hata ile ya kitandani ikafufuka, kumbe panya walikuwa wamekata waya nyuma ya kabati. Tukavua viatu wote, Baba pia, tukashika kombi kila upande. Kimya. Gari lilikuwa zima kabisa kwa mara ya kwanza tangu lije kwetu, soketi tatu kati ya tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema kitu kizuri.

Mama akamleta ng'ombe. Alikataa kufika chini ya turubai. Akampeleka nyuma ya jikoni, kwenye nguzo ya mti, akamwekea chakula kwenye beseni ya plastiki. Ng'ombe alipoiona ndoo, alianza kutetemeka ngozi ya mbavuni. Mama akamkanda chuchu na maji ya moto, akamwimbia ile ya kukamulia, akapachika kichwa chake kwenye ubavu wake na kukaa hivyo. Hakuna. Kulikuwa na sauti ya pumzi zao tu.

Jumamosi mchinjaji alipokuja, Mama aliomba wiki moja, na Baba, ambaye siku hizo alikuwa hawezi kumwangalia, akampa. Wiki ikaisha. Tulijaribu kumkamua shambani, kwa jirani, gizani, kwenye mwanga. Mimi nilijaribu bila viatu, nikimwomba msamaha kwa Kipsigis, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza cha shule. Daktari akarudi, akasema sasa kiwele kimeharibika, kimekauka upande mmoja na upande mwingine umeingia usaha, na hata akizaa tena hatakuwa wa maziwa. Stima hukatwa mara moja, alisema, lakini woga wa ng'ombe haukatwi.

Mchinjaji alirudi Jumamosi ya pili na kamba. Alijiandaa kuvuta, akapanua miguu vile wanavyofanya. Hakukuwa na haja. Ng'ombe alipita mbele yake, akaizunguka kombi kwa mbali, karibu na michai, akashika njia ya lango kwa mwendo ambao hatukuwa tumeuona tangu awe ndama. Mchinjaji ndiye alikuwa anakimbia nyuma.

"Angalia vile anaharakisha," Mama alisema.

Nilikuwa na maneno matatu ya kuchekesha hapo, yalikuja yenyewe. Nilisimama nayo mdomoni mpaka wakakunja kona.