Majina Aliyoyaandika Papa

Papa, baba yangu, alikuwa katekista wa kanisa dogo la udongo, mlimani juu ya Musienene. Miaka ile ya vita, askari wa waasi walikuwa wamepiga kambi kando ya barabara ya Butembo, na Mai-Mai, wapiganaji wa kienyeji na maadui wao, walikuwa msituni nyuma ya mlima. Sisi tulikuwa katikati na maharagwe yetu. Majirani walimtuma Papa kote kuwili, na kila alikokwenda alisema lilelile: "Siye hatuko ku upande ya mutu. Mutuache tulime."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliamini kuwa Papa ameizuia vita kwa maneno.

Mwanzoni askari waliomba viazi, tukawapelekea. Kisha komanda wao, mtu mrefu mpole kutoka mkoa mwingine, akasema ngoma ya kanisa inawapa Mai-Mai ishara. Tukaacha kuipiga, tukawa tunaitana kwenye ibada mlango kwa mlango. Halafu akakataza kulima upande wa msitu. Papa akakubali hata hilo, ingawa shamba letu kubwa lilikuwa huko.

Mama alikasirika. "Kila mara unarudi, kitu yetu imepunguka. Siku moja utamupa nini?"

"Kiazi kinaota tena," Papa akamjibu. "Mutu haote tena."

Asubuhi moja komanda mwenyewe akaja nyumbani. Alivua kofia, akanywa chai ya Mama, kisha akaweka karatasi nyeupe mezani.

"Papa katekista, uniandikie majina ya vijana benye waliingia ku musitu. Nikiyapata, donc hakuna askari atapanda hapa."

"Na kama siandike?"

"Tutakuja kubatafuta siye benyewe, nyumba kwa nyumba."

Papa alisali siku mbili. Hakula. Siku ya pili aliniita, maana mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, akaanza kunitajia majina polepole. Nikatambua kwamba wote walikuwa wamekufa.

"Bafu, bale balishakufa, hakuna mutu anaweza kubatesa," akasema.

Jina la tisa lilikuwa la mtoto wa shangazi yangu. Habari zilitufikia kuwa ameanguka vitani karibu na Luofu, na matanga yake tulishayakaa. Kalamu yangu ikasimama.

"Andika," Papa akasema. "Naye atusaidie."

Wiki tatu hakuna aliyetugusa. Watu walimsimamisha Papa njiani wakimshukuru. Ikafika siku ya soko. Mwanamke muuza maharagwe akaja mbio, akatuambia binamu yangu amekamatwa kwenye kizuizi cha barabarani. Hakuwa amekufa. Alikuwa amelala miezi kwa watu waliomwokota na jeraha la mguu, na sasa alikuwa anarudi kwa mama yake. Askari walimwuliza jina. Akalitaja, kwa kuwa hakujua sababu ya kulificha.

Papa alikimbia, nami nyuma yake. Komanda alikuwa amesimama na karatasi yetu mkononi, binamu yangu kando yake.

"Komanda, huyu hapana! Mimi nilijua alikufa!"

Komanda akaitazama karatasi. "Kumbe uliniandikia bafu?" Hakupaza sauti. "Bote?"

Walitufukuza, na kabla hatujafika kwenye kona tukasikia risasi moja. Kesho yake askari wakapanda mlima kama komanda alivyoahidi, na nyumba zikachomwa. Sisi na shangazi tulitoroka kwa miguu hadi Beni.

Huko tulikaa kiwanja kimoja, mtaa wa Ruwenzori. Shangazi hakumlaumu Papa. Siku moja tu, tukichambua sombe, majani ya muhogo, aliuliza bila kuinua macho, "Nani aliandika jina ya mutoto wangu?"

"Mimi, dada," Papa akasema upesi.

Nilikuwa nimeketi kati yao. Nikaendelea kuchambua majani. Shangazi alifariki miaka mingi baadaye, akinipenda, na sikumwambia.