Mashine ya Jumapili

Katika nyumba ya Berthe vitu vizuri havikuguswa siku ya kazi. Sahani za maua zilikaa juu ya kabati zimefunikwa kitambaa. Kitenge cha harusi, alichovuka nacho ziwa kutoka Kilwa ya Kongo, kililala sandukuni pamoja na kipande cha sabuni ya kunukia. Viatu vyeusi vya mumewe Ilunga vilikwenda kanisani na kurudi, vikapigwa rangi, vikarudishwa mfukoni. Ndivyo mama yake alivyomlea, na ndivyo walivyo wanawake wengi wa ufuko wa Kashikishi: kitu cha thamani hungojea Jumapili. Basi mwanawe alipopewa mashine ya sikio, hakuna aliyehitaji kumwambia aiweke wapi. Aliitia katika kopo la maziwa, akaliweka juu ya kabati, kando ya sahani.

Mwana huyo aliitwa Gauthier. Alizaliwa kwa taabu, akachelewa kulia, na hicho kilio chenyewe kilikuwa kidogo. Miezi ikapita shingo yake isikaze. Wenzake wa rika walipokuwa wakikimbiza bata, yeye alikuwa bado mgongoni, mikono imekakamaa, kichwa kimelala begani kwa mama, sikio la kulia chini. Kisha ikajulikana kwamba hasikii. Sikio la kushoto lilikuwa limezimika kabisa; la kulia lilikuwa na mabaki ya usikivu. Watu wa ufuko nao wana midomo. Walisema Berthe alikula mayai akiwa na mimba, walisema ni laana ya ndoa ya kuvuka mpaka, walisema na mengine ambayo sitawasaidia kuyaeneza. Berthe aliwaacha. Alikuwa na chisense wa kuanika, wale dagaa wadogo wa ziwa, na chisense asipogeuzwa kwa wakati huoza upande mmoja.

Mashine ilitoka kwa Kingsley, mtaalamu wa masikio aliyekuwa akija hospitalini Nchelenge kutoka Mansa. Alimjaza mtoto tope laini katika sikio la kulia, likakauka, likatoka limeshika kila kona ya sikio lile. Kwa umbo hilo kikatengenezwa kizibo cha mpira. Kizibo kilikaa ndani ya sikio, na mrija mwembamba ukakiunganisha na mashine yenyewe, iliyoning'inia nyuma ya sikio.

"Mama Gauthier," Kingsley alimwambia, "avae toka anaamuka mpaka analala."

"Ndiyo, docteur," Berthe akajibu, na alimaanisha.

Kesho yake alimvalisha, akamfunga mgongoni, akaenda kazini. Kichwa cha mtoto kikaanguka begani kama kawaida, mashine ikabanwa, ikapiga mluzi mwembamba usiokwisha. Matildah, jirani yake wa siku zote pale pa kuanikia samaki, aliinua kichwa, akamwita mama wa Gauthier kwa Kibemba.

"Bana Gauthier, bona mutoto yako anapiga filimbi? Anaita imbwa?"

Wanawake wakacheka, na Berthe akacheka nao, kwa maana Matildah hakuwa na ubaya. Lakini aliichomoa mashine. Alipotazama pale alipokuwa amesimama, aliona mchanga, magamba, maji ya samaki yakichuruzika kwenye viwiko vyake. Akajiambia kwamba hapa si mahali pa kitu kama hiki. Jioni mashine ikaingia koponi.

Jumapili ilifika. Gauthier aliogeshwa, akavalishwa shati jeupe, akapachikwa mashine yake, akakaa mapajani kwa mama kanisani, mstari wa pili, karibu na spika. Ngoma zikapigwa. Kwaya ikanyanyuka. Mchungaji akashika kipaza sauti na kuwakemea mapepo. Mtoto akakakamaa mwili mzima na kupiga yowe mpaka uso ukawa wa zambarau. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine, na nyingine.

"Haipende ile mashine," Berthe alimwambia Ilunga. "Akiiona tu analia."

"Labda atazoea," Ilunga akasema, akarudi kisiwani Chisenga kufuata samaki.

Hebu fikiria! Mtoto ambaye katika sauti zote za Mungu alijua mbili tu, ngoma na spika. Sauti ya mama yake hakuijua, maana mama yake hakuwa akimsemesha. Alimwogesha, alimlisha uji kijiko kwa kijiko akimshikilia kidevu, alimbusu nyayo, lakini maneno alikuwa akiwapa wanunuzi, samaki, na Mungu. Nani anapoteza maneno kwa kiziwi? Alimpenda kwa mikono, na mikono ile haikuchoka.

Karibu mwaka ulikuwa umekwisha Kingsley alipowaita tena kutazama kizibo. Aliigeuza mashine mkononi. Ilikuwa inang'aa kana kwamba imetoka dukani.

"Mama, unamuvalishaka siku gani?"

"Ku dimanche, docteur. Ku kanisa tu. Juu isiharibike." Alilisema hilo la Jumapili kwa fahari, akingoja kusifiwa.

Kingsley hakumsifu wala hakumgombeza. Alijipangusa uso kwa kiganja, akainuka, akafunga mlango na dirisha. Akamkalisha Gauthier pembeni, amemwegemeza kwa mito, akampachika mashine. Mtoto alipoihisi tu, midomo ikaanza kutetemeka.

"Sema naye," Kingsley akasema.

"Niseme nini?"

"Kintu yote. Ile unasemaka kila siku."

Berthe alifungua mdomo, na hakukuwa na kitu. Mwanawe mwenyewe, na hakuwa na neno la kumpa. Mwishowe yakamtoka yale ambayo ulimi wake uliyajua bila yeye, mwito wake wa sokoni, lakini kwa sauti ya chini:

"Njo, mama, njo uone samaki. Mizuri, mikavu, haina muchanga."

Gauthier aliacha kutetemeka. Macho yake yakazunguka chumba kizima. Kisha mguu wa kushoto ukainuka polepole, ukabaki juu, kana kwamba nao unasikiliza.

"Njo uone samaki," Berthe akarudia, na mguu, uliokuwa umeshuka, ukainuka tena.

"Anakusikia," Kingsley akasema.

Berthe alikaa chini sakafuni. Katika pumzi ileile alijua mwanawe amepewa nini, na yeye mama amemnyima nini. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini ya Berthe hayakungoja hata mtoto akue.

"Sikio inajifunzaka sawa vile muguu inajifunzaka kutembea," Kingsley alimwambia wakiagana. "Ya yeye ilichelewa kuanza. Umupatie wakati, mama."

Kopo la maziwa likarudia kazi yake ya zamani, kuwekea chumvi. Berthe alianza kumbeba mtoto kifuani, sikio la kulia nje, ili mashine isibanwe. Ilunga alikata dumu la plastiki ubavuni, akalijaza matambara, likawa kiti cha Gauthier kivulini, karibu na samaki. Na Berthe akasema. Alisema tangu jua linachomoza: hawa ni chisense, hili ni jua, yule ni Matildah mwenye mdomo, baba yako amechelewa tena.

"Bana Gauthier," Matildah akalalamika, "unabeba mutoto mbele sawa mufuko ya chumvi, na unasema sawa radio! Betri yako haiishake?"

Lakini siku hazikuwa nyingi Matildah mwenyewe akaonekana amepiga magoti mbele ya dumu, mikono imejaa magamba, akiita, "Gauthier! We Gauthier!" Mguu ukainuka. Matildah akapiga vigelegele, na mguu ukainuka tena, na wanawake wakaja mmoja mmoja kujaribu. Hata wale wa mayai walikuja.

Sasa Berthe alitaka jambo moja tu duniani: siku moja amwite mwanawe, naye amjibu kwa sauti. Hakuhitaji neno, sauti ingetosha. Na kweli, mvua zilipokaribia, Gauthier alianza kunguruma kidogo kooni kila aliposikia jina lake, kama mtu anayesafisha koo akijiandaa kusema. Berthe alisimulia ufuko mzima.

Mvua zilikuja na baridi, na baridi ikaja na kikohozi. Watoto wa aina ya Gauthier humeza kwa shida, uji hupotea njia ukaingia kifuani. Walipofika hospitali mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kwa kila pumzi. Muuguzi alimvua mashine ili afunge kamba za mrija wa hewa puani. Berthe akamsihi airudishe, na muuguzi, Mungu ambariki, akahangaika na kamba zile mpaka vyote viwili vikakaa.

Berthe aliinama. "Gauthier." Mguu haukuinuka. "Gauthier, ni mama." Akajaribu mwito wa sokoni, akiulazimisha uwe wa kuchekesha, huku machozi yakiingia mdomoni: njo, mama, njo uone samaki. Kidole kimoja cha mguu kilisogea. Au lilikuwa shuka. Mpaka leo hajui, na hilo ndilo linalomla. Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa ameondoka.

Matangani ndugu wa Ilunga walisema azikwe na mashine yake, kwa kuwa ni yake. Berthe akasema hapana. Kingsley alipokuja tena Nchelenge, alimkuta amekaa nje ya mlango wake, mashine imefungwa katika leso.

"Iko mutoto mwengine?" Berthe akamuuliza.

"Iko kasichana ka kule Puta," Kingsley akajibu. "Nako hakakaze shingo."

"Ukapatie. Na uambie mama yake: ile si ya dimanche."

Kingsley aliinamisha kichwa. Akaushika mrija, akauvuta taratibu, mashine ikaachana na kizibo. Mashine akaiweka katika kisanduku. Kizibo kikabaki kiganjani mwake.

"Hii haitaingia ku sikio ya mutu mwengine," akasema. "Tunaitupaka."

Berthe alinyoosha mkono.

Hakukiweka kabatini, wala hakukiingiza koponi. Kimefungwa fundoni katika pindo la kitenge chake cha kazi, kile kinachonuka samaki, anachokivaa kila siku iendayo kwa Mungu. Wanunuzi wakipungua hulifungua fundo, akakishika kwa vidole viwili. Kona zote za sikio la mwanawe zimo mle, na kale kabonde kadogo alikozoea kukapangusa kwa ncha ya khanga. Matildah akimwona hivyo hugeuza samaki wake, kisha na wa Berthe. Berthe hukisogeza mdomoni, akaita kwa sauti ya chini, "Gauthier." Kisha hutazama pale lilipokuwa dumu, aone kama mguu utainuka.