Mkono wa Kushoto wa Dionis Likwata

Mimi ndiye niliyempa Dionis Likwata mkono wa kushoto. Nimeulizwa habari hii mara nyingi, na kila nikiieleza naona naivuruga zaidi. Afadhali niiandike yote tangu mwanzo.

Dionis alizaliwa Kipatimu, milimani Kilwa, katika familia ya wakulima Wakatoliki. Gitaa lake la kwanza lilikuwa galoni la mafuta lenye shingo ya mti na nyaya za breki za baiskeli. Nyumbani kwa mapadri kulikuwa na kanda za muziki wa roki zilizoachwa na fundi mgeni, na Dionis alisimama dirishani akizisikiliza mpaka akajua kila mahali gitaa linapolia. Alipofika Lindi na kuingia bendi ya Mtanda Sound, watu waliozoea gitaa la kubembeleza walisikia gitaa likinguruma. Alipiga amelala chali. Alipiga kwa meno. Alivaa koti la ngozi na miwani myeusi katika lile joto la Lindi, wakamwita Radi. Wakasema ana jini.

"Jini hafanyi mazoezi saa sita kwa siku," aliniambia. "Lakini ukimwambia mtu habari za mazoezi, anapiga miayo. Nikawaachia jini wao."

Mwenye vyombo alipofariki, warithi wakagawana spika na ngoma, na bendi ikaishia hapo. Radi alirudi Kilwa na gitaa lake begani. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la Kilwa Masoko, gitaa akalitundika kwenye msumari. Ilipita miaka ishirini.

Mimi nilitoka chuoni nikiwa na hasira. Nchi gani hii inayomwacha mpigaji kama huyo achomee nyaya za redio? Nikaenda kibandani kwake asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Redio iko wapi?"

"Sina redio. Nataka kukurekodi ukipiga gitaa."

"Basi kilichoharibika ni wewe," akasema. Lakini tayari alikuwa ananyoosha mkono kwenye msumari.

Kioo cha kamera ya nyuma ya simu yangu kilikuwa kimepasuka, nikatumia ile ya mbele. Alipiga dakika nne. Sijui muziki, lakini nywele zilinisimama. Nikaiweka video mtandaoni na maneno makali kuhusu taifa lisilo na kumbukumbu.

Maneno yangu hayakumgusa mtu. Kilichowagusa ni mkono. "Jamani, anapiga kwa kushoto!" aliandika mmoja, na moto ukawaka. Wengine walisema mkono wa kushoto ni wa shetani, ndiyo maana vidole vinakwenda kasi vile. Wengine walikumbuka bakora walizochapwa shuleni kwa kushikia kalamu kushoto. Hapo nikaona nimepata vita yangu. Niliandika usiku na mchana: mtoto hazaliwi na mkono mbaya, tunaufanya mbaya sisi wenyewe! Video ikaenda mbali. Hata majirani waliomwona kila siku wakaanza kukumbuka. Hussen, muuza kahawa wa pale sokoni, aliapa mbele yangu: "Huyu hupokea kikombe kwa kushoto siku zote. Mimi namsamehe tu kwa sababu ni mtu mzima."

Kisha Nusaiba, dada mmoja anayeandaa tamasha la Lindi, akapiga simu. Walimtaka Likwata wa Kushoto afunge tamasha uwanjani. Mabango yameshachapwa.

Nilikimbia kibandani. Dionis alisikiliza, akaweka chini chuma cha kuchomea. Halafu akasema taratibu, "Lindi. Nilidhani nitakufa bila kusimama tena Lindi." Akafuta macho kwa kiwiko. "Lakini lini mimi nilipiga kwa kushoto?"

Nikatoa simu. Tukaitazama ile video pamoja, na kwa mara ya kwanza nikaona ukuta nyuma yake. Maandishi ya FUNDI REDIO yalikuwa kinyumenyume. Simu yangu ilikuwa imehifadhi picha kama ya kwenye kioo. Watu elfu na elfu walikuwa wametazama, nami nilikuwa nimepigana wiki tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyesoma ukuta.

"Nitawaambia ukweli leo hii," nikasema.

"Wakifuta onyesho langu?"

"Wanaweza kufuta."

"Basi funga mdomo, msomi."

"Lakini ni uongo, mzee!"

"Na lile koti la ngozi lilikuwa kweli? Nilikuwa nachemka ndani yake kama muhogo. Nataka kusimama Lindi mara moja tu. Waniite wanavyotaka."

Dada yake Stefania, anayeishi naye, alikuwa mlangoni na sufuria ya chakula cha mchana. "Uongo uko wapi hapo?" akasema. "Huyu alizaliwa kushoto. Bibi alikuwa akimfunga mkono kwa kipande cha kanga wakati wa kula, mpaka akazoea mkono wa kulia."

"Aliyefungwa ni marehemu ndugu yetu Boniface."

"Boniface alifungwa mguu, kwa utoro! Mkono ni wewe."

"Stefania, unachanganya wafu na walio hai."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakifungua hicho kitambaa, kaka."

Dionis alitazama mikono yake miwili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeletewa redio asiyoijua. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa. Kama Stefania anasema kweli, simu yangu ilidanganya ikagonga ukweli. Kama hasemi kweli, nilikuwa nampeleka mzee wa watu Lindi kama bandia. Nilinyamaza. Mimi, ambaye sijawahi kunyamazia lolote.

Tamasha lilikuwa Jumamosi alasiri. Dionis alipanda jukwaani na shati jeupe, akashika gitaa kama alivyolishika maisha yake yote, kwa kulia, akaanza. Ndani ya dakika moja nilisikia minong'ono, kisha kelele kutoka mbele: "Kushoto! Kushoto!" Mwingine akapiga mluzi, akaita: "Babu, leta mkono wenyewe!" Nusaiba, aliyesimama karibu nami, akanishika bega. "Kaka, mbona hivi?"

Dionis akaacha kupiga. Akaligeuza gitaa, nyuzi nene zikaenda chini, nyembamba juu. Akapiga kwa kushoto kijiwimbo chepesi cha kwao Kipatimu, cha watoto wakifukuza ndege shambani. Alikosea noti ya tatu, akarudia, akakosea tena. Uwanja ulilipuka. Watu walipanda viti, simu zote juu. Wazee wa zamani walilia, "Radi! Radi!" kwa jina lile lile la ujana wake.

Baadaye aliligeuza tena, akapiga kwa kulia, na naapa sijawahi kusikia gitaa likilia vile. Wengi walikuwa wameinamisha vichwa, wakitumiana ile video ya kijiwimbo.

Nilikuwa nimeazima simu nzuri, nikarekodi kile kipande cha mkono wa kulia kwa kamera ya nyuma. Nikakiweka mtandaoni pamoja na ungamo langu lote. Jibu la kwanza lilisema: "Umeigeuza video. Irudishe vizuri, tunamjua mzee wetu."

Wiki iliyofuata nilikwenda kibandani kuomba radhi. Redio za watu zilikuwa zimerundikana sakafuni. Dionis alikuwa amefungua nyuzi zote za gitaa na kuzifunga upya upande wa pili, amelikumbatia kwa kushoto, anatafuta kile kijiwimbo cha ndege. Vidole vyake, vilivyotikisa Lindi, vilitambaa kama vya mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Mzee," nikasema, "unawafuata wale wa uwanjani? Au ni maneno ya dada yako?"

"Sijui," akasema bila kuinua macho. "Tangu Lindi mkono huu unawasha. Kaa chini, unanipoteza."

Nikakaa juu ya redio ya mtu. Alifika kwenye noti ya tatu, akaipata.