Binti wa Matobolwa

Mpangaji wa Bi Tunu, pale Ng'ambo mjini Tabora, anasomea uhandisi wa chakula chuo kikuu, na mradi wake wa mwisho ni matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Ana vidole virefu vyenye makovu ya kisu. Kila kipande hukivunja karibu na sikio, asikie kama kimekauka, kisha hukinong'oneza, "Bado, mwanangu." Majirani humtania: "Miaka yote hiyo chuoni, na bado unatuchemshia viazi?" Yeye hucheka puani tu, huku akiendelea kukata.

Kiwanda kimoja kimemwahidi kazi iwapo pakiti zake zitavuka mvua bila kuota ukungu. Basi zikakaa uvunguni, na mvua ikanyesha mpaka kuta zikatoa jasho. Leo amezifungua mbele ya Bi Tunu, moja baada ya nyingine, akinusa, akigeuza vipande kwenye mwanga wa mlango. Safi. Zote safi. Hakupiga kelele wala vigelegele. Alikaa kizingitini, akanyoosha miguu.

"Bi Tunu, nina njaa."

Tangu mvua zianze, Bi Tunu hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Aliinuka upesi kuwasha moto, binti asije akaghairi.