Ngoma ya Tano na Alama za Kimya

Miaka kumi na mmoja Bi Ngurumo alibeba ngoma ya tano ya bendi, ile kubwa kuliko zote, bila kusoma hata alama moja. Mchana alikuwa fundi cherehani. Jioni alijifunga ngoma kifuani, akasimama mwisho wa mstari na kumtegea sikio Kinyozi, mpiga ngoma ya nne. Kinyozi akimaliza, yeye anaangusha pigo lake. Basi.

Kisha akaja mwalimu mpya na makaratasi.

"Mistari mitano, ngoma tano. Wa chini kabisa ni wako, Bi Ngurumo. Jumamosi kila mtu atapiga peke yake, kwa karatasi asiyowahi kuiona. Asiyeweza kusoma atabeba bendera."

Bendera! Wiki nzima hakukukalika. Alishona mfuko wa shati mgongoni, akaufumua, akaushona palepale. Alikanyaga cherehani mpaka mumewe akachungulia.

"Mama watoto, hiyo inashona au inaandamana?"

"Niache bwana, nahesabu!"

Nukta nyeusi, yaani mapigo, hazikumsumbua. Balaa lilikuwa vialama vya kimya. Wenzake wanapopiga, karatasi inamtaka atulie. Naye akiwa peke yake, kimya kile kilimwasha kama upupu. Mkono uliruka wenyewe, ukajaza mapigo ya watu.

"Hilo la Kinyozi!" alijigombeza, akaanza upya. Na upya tena.

Jumamosi, ukumbini, zamu yake ikafika. Karatasi ngeni mbele yake. Akapiga mawili, moja, mawili. Halafu mstari wake ukawa kimya kitupu, hesabu kumi na tano nzima.

Moja. Mbili. Mguu ukagonga sakafu. Saba. Nane.

"Amekwama huyo!" Kinyozi akacheka. "Mleteeni bendera yake!"

Ukumbi ukaangua kicheko, kikaingia kati ya tisa na kumi, nusura kimpokonye hesabu. Akauma mdomo. Kumi na mbili. Mkono wa kulia ukataka kuruka; akaubana ukingoni mwa ngoma. Kumi na nne. Kumi na tano.

Ndum!

Kidole cha mwalimu, kilichokuwa kikitambaa juu ya karatasi, kilikuwa kimefika kwenye nukta ileile.

"Haya, Kinyozi, njoo," mwalimu akasema bila kugeuka. "Yako ina kimya cha ishirini."

Bi Ngurumo hakungoja kuambiwa. Aliukaza mkanda wa ngoma yake tundu moja zaidi, akarudi kwenye nafasi ya tano, mguu bado ukigonga sakafu.