Anwani ya Mahali Mashine Ilipofia

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita kijijini kwetu Kibugu kikafagia kuku wote wa mama, na wa majirani pia, hata yule jogoo mzee aliyekuwa akinidonoa miguu kila nikija nyumbani. Yaliyobaki ni mayai yaliyokuwa tayari ndani ya mashine ya kuangulia niliyomtengenezea. Mbegu ya kuku hao mama alipewa na nyanya alipoolewa. "Haya yakiharibika, kuku wa nyanya yako wameisha," aliniambia, na hakuwa anatania.

Basi mashine nayo ikachagua wiki hiyo kuanza ujinga. Inafanya kazi vizuri, halafu ghafla, kimya. Balbu ya joto inabaki vile ilivyokuwa, iwe imewaka au imezima, na kwenye skrini ndogo inabaki anwani ya mahali programu ilipofia, tarakimu zimechanganywa na herufi. Chipu haijui mimi niliandika nini. Inajua tu kwamba amri fulani imekaa mahali fulani. Ndiyo maana kompaila, inapogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, huacha jedwali pembeni: amri iliyo kwenye anwani hii ilitoka mstari ule. Dibaga, programu ya kusaka makosa, husoma jedwali hilo na kukuonyesha mstari wenye shida. Raha tupu, ukiwa nalo.

Langu lilikuwa kwenye laptopu iliyoibwa mtaani Majimbo. Wakora wale, sijui wanalifanyia nini! Maandishi yenyewe nilikuwa nimeyahifadhi mtandaoni, kwa hivyo nikayageuza upya kwa kompaila mpya, nikaipa dibaga anwani iliyokuwa kwenye skrini ya mama. Ikanionyesha, bila haya, mstari wa kupiga kengele. Jumapili nzima sikuenda hata kanisani, nimeuinamia huo mstari, naulaani, naubadilisha, kumbe haukuwa na kosa lolote. Kompaila mpya ilikuwa imepanga amri zote upya. Nilikuwa natafuta ploti ya zamani kwa ramani iliyochorwa baada ya shamba kugawanywa: namba ipo, lakini siku hizi ni kwa jirani.

Programu nzima niliisoma juu chini, sikuona kitu. Ikabaki njia moja tu. Niliweka programu mpya kwenye chipu, jedwali lake nikalihifadhi vizuri, kisha ilibidi tungoje.

"Tungoje nini?" mama akauliza.

"Isimame tena. Ndiyo itupe anwani inayolingana na jedwali."

"Yaani, kijana wangu, unangoja ife ndiyo ujue inaugua nini?"

Nilisoma miaka hiyo yote, na hilo ndilo nililoweza kumpa.

Jumatatu nilirudi kazini Embu mjini. Mama aliburuta kiti hadi kando ya mashine, akakaa na kipimajoto mkononi, tayari kuchomoa waya. Nilimpigia simu kila nilipopata nafasi. Iko sawa, alisema. Bado iko sawa. Niliomba isimame, halafu nikaomba isisimame, nikajichukia kwa maombi yote mawili.

Alasiri alipeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia, maana majani yaliyochumwa hayangoji mtu. Aliporudi alinipigia.

"Imesimama. Nimekuta balbu inawaka. Ndani ni moto, wuui, ni moto kama jiko."

"Chomoa!"

"Nimeshachomoa. Andika namba yako kwanza, kabla haijapotea."

"Kama umechomoa si imeshapotea, mama."

"Niliiandika mkononi kabla ya kuchomoa." Akaanza kunisomea, polepole, sauti imekauka. "Sufuri. Nane. Sufuri. B. B ya baba."

"B ya baba, eeh."

Niliiandika yote. Dibaga haikufikiria hata kidogo. Mstari ukaja pale pale. Ni ule wa kutafuta wastani wa joto. Vipimajoto vyote viwili vya mashine vikikosa kujibu kwa pamoja, unagawanya kwa sufuri. Kosa la kurekebishwa na mtoto. Nilitaka kulia pale ofisini.

"Mama, nimeipata."

"Haya." Nilisikia akiweka yai mezani, kisha lingine. "Nimeyamulika kwa tochi. Jana yalikuwa yanacheza ndani." Akaweka la tatu. "Ukija nichimbie shimo kando ya banda. Haya siwezi kuyatupa tu."